Mutu Moja Tu

Mwaka wa pili tangu nifike Malawi, kila mwisho wa juma nilikuwa nikitoka kambini Dzaleka kwenda Mchesi, mtaa wa mjini, kutafsiri filamu. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya sauti. Mwenye banda la video, Mmalawi mmoja mnene aliyekuwa fundi redio zamani, alinisikia nikibishana sokoni kwa Kiswahili, Kifaransa na Chichewa cha kuokoteza, akaniuliza kama ninaweza kusema kwa nguvu ile ile saa mbili mfululizo. Nikamwambia ninaweza. Tangu hapo, kila Jumapili mchana, wakimbizi walipokuja mjini, alinisimamisha kando ya televisheni, nami nikaeleza kwa Kiswahili nani amempiga nani na kwa nini. Nyingi zilikuwa filamu za karate, na sababu za kupigana zilikuwa chache, kwa hiyo sikuchoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yangu alikuwa mtu wa Kindu aliyehamia Bujumbura kuuza vitenge, na mimi nilizaliwa huko huko, katika mtaa wa Waswahili. Namna tulivyotoka sitaieleza hapa. Nilifika Malawi peke yangu, nikaonyeshwa kiwanja nyuma ya majengo ya gereza la zamani, nikafyatua tofali zangu kama wengine.

Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa ya mama mmoja mshonaji, mtu wa Fizi aliyeolewa Bujumbura. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi. Nilimwita dada, naye aliniita mudogo wangu. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyokuja nayo kichwani njia nzima, akishona sare za shule na nguo za kwaya, na mlio wa cherehani ile ndio ulioniamsha kila asubuhi.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la sukari. Siku moja risasi zilipotulia mtaani kwao alitoka kutafuta unga, hakurudi. Mke alimngoja siku nne, kisha majirani wakamvuta mkono wakaondoka naye. Hayo ndiyo tuliyoyajua. Hakuwa amefanya matanga wala hakuvaa nguo za msiba, na mtu akimwita mjane yeye aliendelea kushona kama hakusikia. Kanisani kwao kulikuwa na kikundi cha maombi cha wajane na kingine cha mama wenye waume. Mchungaji hakujua amweke wapi, na yeye hakumsaidia kujua. Siku za maombi alibaki nyumbani na nguo zake za kwaya.

Mwezi wa sita baridi ilishuka. Dzaleka iko juu, na upepo wa huko hauna kitu cha kuuzuia. Watu walitembea na mablanketi mabegani, na asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande. Wakati huo mwenye banda la video alinunua katoni ya kaseti kwa mzungu mmoja wa mtaa wa Area 18 aliyekuwa anafunga nyumba yake arudi kwao. Nyingi zilikuwa katuni za watoto wake. Moja haikuwa na jalada. Aliiweka mbele yangu ili tuijaribu.

Kwanza ulisikika upepo. Kisha ukaonekana msitu, na kila kitu kilikuwa cheupe: miti, paa, barabara, mgongo wa farasi. Watu wawili wenye makoti makubwa walikuwa wanamburuta wa tatu kwa miguu, na nyuma yao, kwenye ule weupe, kulikuwa na mstari mwekundu. Mwenye banda akapiga paja lake kwa furaha. Alisema hii itajaza watu, ila anataka kujua wanasema nini. Nikasikiliza. Haikuwa Kiingereza, wala Kifaransa. Akakumbuka kwamba yule mzungu alikuwa Mjerumani.

Nikamwambia kambini kuna mtu aliyesoma Ujerumani.

Mtu huyo alikuwa Mrundi wa makamo, mtaalamu wa misitu. Alikuwa amekaa miaka sita Ujerumani ya Mashariki, wakati nchi hiyo bado ipo, akisomea miti. Kambini alipewa chumba katika jengo la gereza, chumba chenye dirisha dogo juu kabisa, na hakukilalamikia. Tulimheshimu na kumwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa hasemi. Ukimsalimu aliitikia, basi. Ilijulikana kwamba alikuwa na mke na watoto wanne, na ilijulikana pia kwamba hawapo, lakini si kwa mdomo wake.

Nilimkuta anapasua kuni. Nikamweleza habari ya kaseti. Aliendelea kupasua, halafu akauliza jambo moja tu: theluji niliyoiona ilikuwa kavu, ya kupeperuka, au ilikuwa nzito ya kushikana? Nikasema sijui, niliiona kwenye televisheni. Akaweka shoka chini, akasema atakuja.

Jumapili tuliondoka watatu. Dada alikuwa anataka uzi na vifungo vya Mchesi, tukapanda matola moja, gari dogo la mizigo, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mahindi. Mjini alimaliza shughuli zake mapema. Kanisa lake lilihesabu video kuwa dhambi, lakini miguu ilikuwa inamuuma na ndani ya banda kulikuwa na benchi. Akakaa nyuma, karibu na mlango, kapu lake mapajani.

Banda lilijaa. Mbele walikaa Wamalawi, vijana wa sokoni na waendesha kabaza walioegesha baiskeli zao za abiria ukutani. Nyuma walikaa watu wetu, wa Uvira, wa Fizi, wafanyabiashara wa Kindu na kofia zao za kushonwa kwa mkono, Warundi wachache. Mtaalamu wa misitu alisimama upande wangu wa kulia. Yeye angenong'ona, mimi ningepaza sauti, na mwenye banda angesema kwa Chichewa.

Wajerumani walipoanza kusema, nilimtazama. Midomo yake ilikuwa inaenda pamoja na yao, kama mtu anayefuata wimbo. Kwa dakika nzima hakuninong'oneza kitu. Nikamgusa kiwiko, ndipo akaanza.

Filamu ilikuwa hivi. Ndugu wawili walikuwa na kiwanda cha mbao katikati ya msitu, mbali na watu. Biashara iliwashinda, wakakichoma kiwanda chao wenyewe ili walipwe na bima. Kampuni ikamtuma karani mmoja, mtu mdogo mwenye miwani na mkoba, aje kuangalia majivu. Ndugu mkubwa akampiga na ubao, nia yake kumtisha, karani akafa. Basi wakataka kumzika. Lakini ardhi ilikuwa imeganda kama saruji, mpini wa jembe ukavunjika, wa pili nao ukavunjika. Wakampeleka ziwani, ziwa nalo limeganda, wakabaki wamesimama juu ya maji na maiti wao. Wakamketisha nyuma ya lundo la kuni. Asubuhi kuni zikaja kununuliwa. Wakamfunga kwenye kigari kisicho na magurudumu, kile cha kuteleza juu ya theluji, wampandishe mlimani, kamba ikakatika. Karani akateremka peke yake mlima mzima, amekaa wima, kofia kichwani, mkoba mkononi, akapita mbele ya kanisa wakati watu wanatoka ibadani, na watu wakamvulia kofia.

Hapo Wamalawi walicheka hadi benchi likasogea. Watu wetu walicheka pia, kwa adabu.

Halafu alikuja askari. Alikuwa mzee mwenye mafua, anapiga chafya kila mlango anaobisha. Alikuwa na daftari, na maswali yake yalikuwa yale yale kila nyumba. Nani alimwona mwisho? Alikuwa amevaa nini? Alikuwa anaelekea upande gani? Nani anamngoja? Alitembea hivyo msitu wote. Theluji ilimfika magotini, ikamfika mapajani. Wakamletea mbwa, ikaja helikopta, wakaja askari wengine wakajipanga mstari na fimbo ndefu, wanachoma theluji hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa naeleza yote hayo kwa sauti ya karate, maana nilikuwa sina nyingine.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kindu, mtu mzima mwenye ndevu, akauliza kutoka nyuma, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa:

"Mutu moja tu?"

Nikasema ndiyo, mmoja.

"Juu ya mutu moja njo banazunguka pori yote hii?"

Mwingine akasema labda ni mtoto wa rais. Nikamtazama mtaalamu wa misitu. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hapana. Iko mukarani tu."

Watu wetu wakaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kile cha kwanza. Kilianzia nyuma kikaja mbele, watu wakashikana mabega, mwanamke mmoja wa Uvira akafuta machozi kwa kitenge. Wamalawi waligeuka kututazama, kwa sababu kwenye televisheni hakukuwa na kitu cha kuchekesha. Yule askari mzee alikuwa amesimama peke yake kati ya miti, anaita jina la karani. Mimi nami nilicheka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba sikucheka, lakini nilicheka.

Tuliponyamaza, mtaalamu wa misitu hakuendelea. Nilimgusa kiwiko mara mbili. Alikuwa anatazama askari wale wanavyochoma theluji, midomo imefungwa. Basi sehemu iliyobaki niliitunga mwenyewe. Ndugu wale walipigana, mmoja akaanguka, askari akafika, karani akazikwa na watu wengi wenye makoti meusi. Nilisema maneno yaliyonijia, na hakuna aliyenishika uongo.

Dada hakuwa amecheka. Nilimwona nilipokuwa nasogeza mabenchi: ameinama, anapanga vifungo vyake kwenye karatasi kwa ukubwa.

Jioni hiyo tulirudi kwa matola, tukapita mwisho wa lami. Upepo ulikuwa mkali, tukajifunika turubai. Dada akamgeukia mtaalamu wa misitu.

"Muzee, kule mutu akifia mu ile barafu, anabakia vile vile?"

"Anabakia. Mupaka barafu iyeyuke."

"Sura pia?"

"Sura pia, mama."

Akauliza theluji inakaa miezi mingapi. Akaambiwa minne, mahali pengine mitano. Akauliza kama mtu aliyepotea mwezi wa kwanza huweza kupatikana mwezi wa nne na mkewe akamtambua. Mtaalamu akasema alipokuwa mwanafunzi jambo hilo lilitokea katika msitu wao, mkata miti mmoja, na alipatikana na kipande cha mkate mfukoni. Dada akavuta turubai hadi kidevuni. Baadaye akasema upande wa kwao, kwenye majani ya mto Rusizi, siku mbili zinatosha.

Siku ya tatu alinijia na daftari jipya la shule. Alitaka niandike. Nikamuuliza niandike nini. Akasema yale maswali ya askari. Mimi nilikuwa nimeshayasahau, lakini yeye alikuwa ameyashika yote kwa mpangilio, na alikuwa ameshamwambia mtaalamu wa misitu aje kuyauliza, kwa sababu ndiye aliyeyasikia kwa lugha yake.

Tulikaa kwake alasiri tatu. Alishona huku akijibu. Mtaalamu aliuliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, bila haraka, na mimi niliandika. Alivaa nini? Suruali ya kahawia, shati la kaki alilomshonea yeye mwenyewe, kifungo cha tatu si cha kaki, ni cheupe cha gauni la mwanamke, kwa sababu vya kaki vilikwisha. Miguuni? Sandali za tairi. Alama ya mwili? Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunjiki, kilibanwa na mlango wa lori. Alielekea upande gani? Upande wa chini, kwenye maghala. Alitembea vipi? Hapo aliacha cherehani, akasimama, akatuonyesha: hatua fupi, bega moja mbele. Akakaa tena.

Alasiri ya pili lilikuja swali la nani alimwona mwisho. Alishona pindo zima la sketi kabla ya kujibu.

"Mi. Na mi njo nilimutuma. Yeye alikuwa hataki kutoka. Nilimwambia nyumba yenye iko na mwanaume haiwezi kosa unga."

Niliacha kalamu. Nilitaka kusema neno, la kumfariji au la kubadilisha mazungumzo, na nadhani ningesema. Mtaalamu wa misitu alinitazama.

"Andika," akasema. "Vile vile alivyosema."

Nikaandika. Dada akakata uzi kwa meno, akageuza sketi upande wa pili.

Alasiri ya tatu liliulizwa la mwisho, nani anamngoja, na alijibu kwa neno moja, "Mi," nikaliandika peke yake kwenye mstari wake.

Tulipotoka nilimwambia yule bwana kwamba daftari zipo, tunaweza kumwandikia na yeye za kwake. Nilidhani namfanyia wema. Alisema yake yangetaka daftari nyingi, na hakujua aanze na nani. Akaaga, akaenda zake kwenye chumba chake. Sikumrudia kwa jambo hilo tena.

Dada alitaka karatasi zile zifike serikalini. Polisi wa kambini walikuwa wameshamwambia kwa upole kwamba wao ni wa mambo ya kambi. Kwa hiyo alitaka Capital Hill, ambako serikali yenyewe inakaa. Nilimweleza kwamba mume wake hakupotelea Malawi, kwamba nchi hii haiwezi kumtafuta mtu Burundi. Akasema anajua. Akasema hata mimi nikitafsiri Kijerumani ninasema nisichokijua, na watu wanatoka wameelewa. Basi nikanakili majibu yake kwa Kiingereza, kwa kamusi niliyoazima kanisani kwao, kurasa nane, na Jumatano moja tukaenda wote watatu. Alivaa vazi lake la kwaya, ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo.

Sitaitaja ofisi, na watu wake hawakutukosea. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye kofia na kitabu kikubwa cha wageni: jina, unakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mtaalamu aliandika, nikaandika mimi, kisha dada akachukua kalamu. Aliandika polepole kwa herufi za shule. Mlinzi alikuwa anafungulia gari geti, sisi tulikuwa tunatazama bustani.

Ndani tulipelekwa chumba hiki na kile, hadi kwa mama mmoja karani aliyekuwa na sweta na chupa ya chai mezani. Alisoma kurasa zote nane. Hilo nalisema kwa sababu hakulazimika. Halafu akaeleza, nami nikatafsiri, kwamba hakuna mahali pa kuyapeleka maandishi haya, kwamba hata akiyapeleka yatarudi, na kwamba amesikitika sana. Akamuuliza dada kama mtu huyo huenda yuko Malawi mahali fulani. Dada akasema hapana, hayuko Malawi, na Burundi pia hayuko. Mama yule alizibana karatasi kwa pini, akaziweka kwenye faili lisilo na jina, akasema zikomo, asante. Tukasema zikomo. Tukatoka.

Getini mlinzi alifungua kitabu, akatupatia kalamu. Nikaweka sahihi, mtaalamu akaweka, dada akaweka. Tulikuwa tumeshapiga hatua tatu alipotuita. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa nne.

"Wachinayi ali kuti?"

Wa nne yuko wapi. Nikarudi kutazama. Chini ya jina lake dada alikuwa ameandika jina la mumewe, jina zima, la ukoo na la ubatizo. Unakotoka: Bujumbura. Saa ya kuingia: ile ile yetu. Kwenye saa ya kutoka hakukuwa na kitu.

Nilianza kueleza kwamba ni kosa. Nilisema mama huyu hajui kitabu kinavyojazwa, mstari huo ufutwe. Mlinzi hakunielewa vizuri, au alielewa jambo moja tu: watu wanne wameingia, watatu wanatoka, na mmoja mwanaume amebaki ndani ya majengo ya serikali. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa makamo anayeijua kazi yake, na kitabu kile kilikuwa mikononi mwake. Akaniuliza tena, safari hii kwa Kiingereza, huyu mtu yuko wapi.

Dada akaniuliza anasema nini.

"Anauliza bwana yako iko wapi."

Alinitazama kama hakusikia. "Yeye njo anauliza?"

"Yeye."

Akanisogeza pembeni kwa mkono. Akasimama mbele ya mlinzi, akamweleza. Alisema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, tangu asubuhi ile: unga, suruali ya kahawia, shati la kaki, kifungo cheupe, sandali za tairi, upande wa maghala. Nilijaribu kufuata kwa Kiingereza, lakini alikuwa haningoji. Alipofika kwenye kidole kisichokunjika, alikunja vidole vyake vinne akabakiza kimoja.

Mlinzi alikisikiliza Kiswahili chote hicho. Kidole alikielewa kwa sababu alionyeshwa, na shati la kaki alilipata kwenye Kiingereza changu. Basi akamwita mwenzake aliyekuwa kivulini, akamweleza kwa Chichewa, na nilimsikia anasema: mwanaume, shati la kaki, kidole kibovu. Mwenzake akaenda.

Walimtafuta. Ni jambo ambalo watu wananibishia nikilisimulia, lakini tulisimama pale karibu nusu saa tukiwatazama. Waliingia vyoo vya wageni. Walitazama chini ya ngazi na nyuma ya tangi la maji. Mmoja alizunguka maegesho akiinama kutazama kati ya magari. Mtunza bustani aliulizwa, akatikisa kichwa, halafu naye akaacha mpira wa maji akaenda kutazama kwenye ua wa nyuma. Wafanyakazi wawili wenye tai walisimama kuuliza kuna nini, wakaambiwa kuna mwanaume amepotea, nao wakatazama huku na huku kwa muda kabla ya kuendelea na njia yao.

Mimi nilitaka kukimbia. Niliona tutafungwa, wakimbizi watatu, kwa kuiletea serikali mtu asiyekuwepo. Nilibanwa pia na kicheko, kile kile cha kwenye banda, nikakimeza. Mtaalamu wa misitu alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, wala uso wake haukubadilika.

Dada alisimama wima katika vazi lake la kwaya. Macho yake yaliwafuata walinzi kila walikokwenda, na walipochelewa nyuma ya jengo alinyanyuka kwa vidole vya miguu ili awaone.

Mwishowe wa kwanza akarudi, suruali imejaa vumbi magotini. Akasimama mbele yake. Aliongea naye moja kwa moja, akimwita amayi, yaani mama.

"Amayi, hayuko," nikatafsiri. "Anasema wametafuta kila mahali. Hawakumuona."

"Mwambie asante," dada akasema. "Mwambie amefanya kazi muzuri."

Nikamwambia. Mlinzi akaitazama tena kalamu, akautazama mstari. Akauliza aandike nini kwenye saa ya kutoka. Akapiga mstari mfupi, akafunga kitabu, akatufungulia.

Tulipofika kambini dada alipitia kwa mchungaji kabla ya kwenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata ilitangazwa kwamba anaweka matanga.

Watu walishangaa, maana miaka ilikuwa imepita. Mchungaji alimuuliza mbele yetu kama amepata habari mpya. Alisema hapana. Alisema tu kwamba bwana yake ameshatafutwa. Mchungaji alisubiri maelezo zaidi, hakupewa, akafungua kitabu chake. Mama mmoja wa kikundi cha wajane alishauri wazike nguo mahali pa mwili, kama wengine walivyofanya. Dada akakataa. Nguo zote za mumewe zilibaki Bujumbura, na ile moja anayoijua mume alikwenda nayo mwilini.

Tulikaa nje siku mbili, kwenye mikeka, moto ukiwa katikati kwa sababu ya baridi. Waislamu wa Kindu walikuja pia, pamoja na yule mwenye ndevu aliyeuliza swali kwenye banda. Alikaa karibu nami, akala nsima, yaani ugali, na maharagwe, akasema marehemu apewe mahali pema. Hakujua kwamba ni yeye aliyeanzisha jambo hili, na mimi sikumwambia. Mtaalamu wa misitu alileta kuni alizopasua, mzigo mkubwa kuliko uliohitajika, akazipanga kwa urefu ukutani, akakaa kwenye mwisho wa mkeka.

Dada alinyolewa siku ya pili asubuhi. Kichwa chake kilionekana kidogo sana. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue, na wanawake walimshika mikono pande zote mbili hadi alipochoka. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Jumatatu niliamshwa na cherehani. Shule ilikuwa inangoja sare thelathini.